Mama Ubao na Siku Tano za Mvua

Ofisi ya halmashauri ya mji ule ilikuwa na vyumba kumi na saba, na kilichodharauliwa kupita vyote ni kile kilichokuwa chini ya ngazi. Ukisimama wima ndani yake unagonga kichwa, ukikaa unasikia viatu vya wakubwa vikipanda na kushuka juu ya utosi wako. Humo ndimo alimokaa Mama Ubao kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye orodha ya mishahara, na huko ndiko lilikobaki. Kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, wote walimwita Mama Ubao, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani nje, kando ya mlango mkubwa.

Sasa usiniambie hiyo ni kazi ya kuchezea. Katika mji ule, mtu akitaka kujenga, kufungua karakana au kuziba njia, ombi lake lilitundikwa kwanza ubaoni siku kumi na nne, ili yeyote anayeona ataumia aje na barua ya pingamizi. Siku zikitimia bila barua, kamati ya mipango inapitisha ombi na mambo yamekwisha. Na chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari mmoja: "Tangazo limekaa ubaoni siku kumi na nne. Sahihi ya mtunza ubao." Madiwani waliweza kupiga kelele mpaka koo ziwakauke, lakini bila sahihi ile faili haliendi popote.

Tatizo lilikuwa kioo. Ubao ulikuwa na mlango wa mbao wenye kufuli zuri la shaba, ila kioo chake kilivunjika miaka minane iliyopita na hakikurudishwa. Si kwamba hakikuombwa. Kiliombwa, ikaamuliwa kazi ya kioo itangazwe ili mafundi washindane, tangazo likatundikwa ubaoni, mvua ikanyesha, wino ukachuruzika wote, na hakuna fundi aliyejitokeza. Mwaka uliofuata wakajaribu tena, yakawa yale yale. Baada ya hapo faili la kioo lilikwenda kulala masijala, na watu wa masijala wanasema bado linakoroma.

Kwa hiyo mvua ikinukia tu, Mama Ubao alitoka na ufunguo wake. Mtu yeyote angeweza kupitisha mkono pale palipokuwa na kioo, lakini yeye alifungua kufuli, maana kwake mlango ni mlango. Alibandua karatasi moja moja, akaenda kuzitundika kwenye kamba chumbani mwake kwa vibanio vya nguo. Mvua ikikatika alizirudisha. Kisha alikaa na kuandika katika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma: "Tarehe sita. Yameondolewa saa nne na robo, mvua. Yamerudi saa tisa. Haihesabiki."

Haihesabiki. Hapo ndipo penye kisa chote. Hakuna sheria iliyomwagiza, hakuna mkubwa aliyemtuma, alijitungia mwenyewe. Kwake yeye siku ilihesabika kama karatasi ilionekana tangu ofisi inafunguliwa hadi inafungwa. "Tangazo linaloning'inia chumbani kwangu linamtangazia nani?" alimwuliza mumewe siku moja. "Mimi? Mimi nimeshalisoma." Jumamosi na Jumapili alimwachia mlinzi ufunguo, na Jumatatu alimhoji yule mzee wa watu kama hakimu: ilinyesha saa ngapi, ulikuwa wapi, mbona ngazi zimelowa na wewe unasema ni umande.

Basi wakati wa mvua, siku kumi na nne za Mama Ubao ziliweza kupita ishirini. Faili lilisubiri mezani kwake mpaka daftari liridhike, ndipo aliposaini. Hakumweleza mtu. Huko juu walijua kitu kimoja tu, kwamba yule mama ni mzito. "Faili lako liko wapi?" "Kwa Mama Ubao." "Aa, basi nenda kalime, ukishavuna urudi." Walicheka, naye aliwasikia, maana ngazi zile hazikuwa na siri. Alimeza na kuendelea na kazi.

Mwaka huo, mwezi wa mvua, tarehe mosi, lilifika mezani kwake ombi la kuziba kichochoro. Mwombaji alikuwa wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwenye duka la vitambaa, mwanamke mwenye mdomo na mwenye huruma, vyote viwili kwa wingi. Kichochoro kilipita ubavuni mwa duka lake, upana wa hatua tatu, kikitoka mtaa wa nyumba hadi uwanja wa zahanati. Kilikuwa mali ya mji. Wifi alitaka kukiezeka na kukiunganisha na duka, apate pa kuweka vyerehani vitatu na mafundi wa kushona. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. "Nani anapita pale siku hizi?" alisema walipokuwa wakinywa chai kwa Mama Ubao. "Paka, na wewe unapotoroka kazini."

Mama Ubao alicheka. Hakuna mtu duniani aliyemdai Mama Ubao kama wifi yule, deni lisilolipika. Miaka ishirini na mmoja nyuma, binti yake wa pekee akiwa na miezi mitatu, Mama Ubao aliugua kifua akalazwa katika hospitali ya mji mwingine, na madaktari walikataa mtoto asogezwe karibu naye. Wifi alimchukua yule mtoto siku hiyo hiyo. Alifunga duka, alimlea miezi minne, akamrudisha akiwa mnene kiasi kwamba mama mtu alimtazama kwanza miguu ndipo akamtambua. Hata leo binti akipiga simu huanza kwa shangazi yake, mama anafuata.

Tangazo la kichochoro lilitundikwa, na mvua ikaanza. Tarehe mbili, mvua. Tarehe sita, mvua. Tarehe kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mbingu ikawa imetoboka. Daftari lilijaa mistari yake ile ile, na Mama Ubao hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa faili lilikuwa halijaletwa apate kulisaini.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano alikuja Mwalimu.

Huyu alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na kila mtu mjini alimwita Mwalimu, hata wale aliowahi kuwapa sifuri. Mkewe alipatwa na kiharusi miaka miwili nyuma. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, Mwalimu alimsukuma katika kiti cha magurudumu kwenda zahanati kufanyishwa mazoezi ya mkono na mguu, na walipotoka huko walipitia ubaoni. Alimsomea mkewe matangazo yote kwa sauti, kama yupo darasani, na mkewe alitoa maoni yake kwa neno moja moja, maana ulimi ulikuwa bado mzito. Siku hiyo Mwalimu aliinama mlangoni mwa kile chumba cha chini ya ngazi, barua mkononi.

"Mama Ubao, masijala wanasema nimechelewa siku moja."

"Umechelewa nini, Mwalimu?"

"Pingamizi la kichochoro. Tangazo nimeliona jana jioni kwa mara ya kwanza. Nimepita hapa mara nne wiki mbili hizi. Kila nikipita ubao mtupu."

"Ulikuwa mtupu kwa sababu ya mvua," alisema Mama Ubao. "Na hujachelewa. Faili sijasaini."

"Wanasema limesainiwa."

Mama Ubao aliinuka, akagonga kichwa, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka. Alitoka nje. Ubao ulikuwa na matangazo mengine yote, ila la kichochoro halikuwepo. Alipanda ngazi hadi kwa afisa mipango, kijana mchangamfu, mwepesi wa kazi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema vibaya juu ya mtu.

"Ah, lile," afisa mipango alisema. "Wifi yako alikuja jana mchana kuuliza limefika wapi. Nikahesabu, nikaona siku zinatimia jana. Nikaona nisikusumbue na kazi zako, jioni nikalibandua na nikasaini kwa niaba yako. Nimekupunguzia mzigo, mama."

"Asante," alisema Mama Ubao, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Aliporudi chini alimkuta Mwalimu bado amesimama, na mkewe kando yake katika kiti. Mwalimu hakupandisha sauti. Alieleza kwamba bila kichochoro njia iliyobaki ni barabara ya juu, yenye mteremko na malori. Alimpitisha mkewe huko siku moja tu, kichochoro kilipokuwa na tope, na kiti kilimponyoka mikononi. Fundi baiskeli mmoja ndiye aliyekidaka kabla hakijafika barabara kubwa.

"Kule," alisema mkewe, na ikachukua muda neno lifuate, "sirudi."

"Na yeye akisema harudi, mimi namjua," alisema Mwalimu. "Mazoezi yataishia hapo. Daktari kasema mkono unarudi, tusiache hata wiki."

Walipoondoka Mama Ubao alifungua daftari, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena akianzia chini. Siku kumi na nne za kalenda, tano zimelowa. Zilizohesabika ni tisa.

Kikao cha kamati kilikuwa kesho yake. Na katika kila kikao, kwa kila ombi, mwenyekiti aliuliza, "Siku zimetimia?" na Mama Ubao, kutoka kiti kilichokuwa karibu na mlango, alijibu, "Zimetimia." Kwa miaka ishirini na miwili hilo lilikuwa neno lake pekee mle ndani. Alijua fika kwamba kesho akilitamka, wifi atapata vyerehani vyake na mke wa Mwalimu atabaki nyumbani na mkono wake. Asipolitamka, basi amemgeuka mtu aliyemlelea mtoto. Alitamani augue homa, hata ya siku moja tu.

Hakuugua. Saa kumi jioni ofisi ilipofungwa alikwenda dukani kwa wifi yake, kwa kuwa aliona ni vibaya mtu asikie mambo yake kikaoni. Wifi alikuwa akipima kitambaa, meta shingoni. Alimpa kigoda akae.

"Nimekuja kukwambia jambo, usinikasirikie kabla sijamaliza," alisema Mama Ubao, akaeleza yote: daftari, mvua, zile siku tisa, Mwalimu na barabara ya juu.

Wifi aliendelea kupima. Alipima kile kitambaa mara tatu.

"Kwa hiyo kesho utasimama useme nini?"

"Nitasema bado siku tano. Likae siku tano tena, Mwalimu apeleke barua yake, kamati iamue. Wanaweza wakakupa bado."

"Nilidhani unaleta habari njema. Nilishamwambia seremala aje kupima." Wifi aliweka mkasi mezani. "Wewe ulipolazwa, mimi nilifunga duka hili. Nilimbeba mwanao miezi minne. Nilijifunza usiku upi anaumwa tumbo na usiku upi ana deko tu. Wewe unahesabu siku, sawa, ndiyo kazi yako. Mimi sikuhesabu."

 Mama Ubao alikirudisha kigoda pembeni, akaaga, na hakuitikiwa.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mumewe, fundi umeme, mtu mpole asiyependa maneno, aliacha kumenya viazi.

"Mimi simo," alisema. "Yule dada yangu, wewe mke wangu. Nikisema neno moja nitakosa pa kula huku na kule." Akamenya kimoja, akakitazama. "Ila ukisema zimetimia, kesho kutwa utaandika nini kwenye hilo daftari?"

Kikao kilianza saa tatu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa diwani mmoja ambaye kabla ya siasa alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na aliendesha vikao kama anagawa dawa: haraka, bila tabasamu, bila kumruka mtu. Ombi la kwanza lilikuwa la banda la kuku. Likapita. La pili, bango la kinyozi. Likapita. "Siku zimetimia?" "Zimetimia." Diwani mzee wa upande wa dirishani alikuwa tayari amesinzia, kama desturi yake.

"Ombi la saba. Kuziba kichochoro na kukiunganisha na duka. Pingamizi?"

"Iko barua moja, mwenyekiti, ila imefika nje ya muda," alisema afisa mipango.

"Siku zimetimia?" Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa imeshagusa karatasi.

Mama Ubao alisimama. 

"Hazijatimia, mwenyekiti. Zimetimia tisa. Bado tano."

Diwani wa dirishani aliamka. Afisa mipango alimtazama kwa mshangao, si kwa hasira.

"Lakini mama, kalenda inasema kumi na nne."

"Kalenda iko ndani, hainyeshewi," alisema Mama Ubao. "Ubao uko nje."

Akapeleka daftari mezani. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima, akafungua wa nyuma yake, na wa nyuma zaidi.  Mtu mmoja alikohoa, akajuta.

"Hii ya tarehe sita. Saa nne na robo mpaka saa tisa. Kwa nini uifute siku nzima?"

"Kwa sababu ndio muda watu wanaotoka zahanati wanapita, mwenyekiti."

"Na mwombaji huyu. Jina la ukoo ni lako."

"La mume wangu. Ni wifi yangu."

"Na bado unasema hazijatimia."

"Ndiyo, mwenyekiti." Alilitazama daftari lake mikononi mwa mwenyekiti. "Nimekwenda kumwambia mwenyewe jana."

Diwani wa dirishani alinyoosha mkono. "Samahani. Ina maana lile faili langu la karakana, lililokaa kwa huyu mama siku ishirini na tatu, tukawa tunasema ni mvivu..."

"Ishirini na mbili, mheshimiwa," alisema Mama Ubao. "Mwezi ule ilinyesha mvua ya mawe."

Walicheka wote, hata afisa mipango, na safari hii kicheko hakikumchoma. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alifunga daftari taratibu, akaliweka juu ya faili.

"Wodini, dawa ya siku kumi na nne ukimpa mtoto siku tisa, hujamtibu, umemdanganya mama yake," alisema. "Ombi linarudi ubaoni siku tano. Barua ya Mwalimu ipokelewe. Ombi la nane."

Kesho yake asubuhi, kabla hata ofisi haijafunguliwa, fundi kioo alikuwa amesimama mbele ya ubao na kioo kimefungwa kwenye blanketi. Kilikuwa kimelipiwa. "Nimetumwa na mama wa duka la vitambaa," alimwambia Mama Ubao, na akatazama pembeni, maana ujumbe wenyewe ulikuwa na miba. "Nimeambiwa niseme hivi: mvua yako isile tena siku za watu." Mkurugenzi aliposikia kioo kimepatikana bila tangazo, bila kikao na bila fungu, alishuka mwenyewe kuja kukigusa. Fundi alikuwa na haraka. Alikaza misumari midogo, akaziba pande tatu, wa juu akauacha, akasema atarudi. Mama Ubao aliandika: "Kioo kimewekwa. Juu hakijazibwa. Fundi kasema atarudi." Nyinyi mnaowajua mafundi mnajua kama alirudi.

Siku tano zilizofuata, usiamini, halikudondoka hata tone.

Kamati ilikwenda kukiona kichochoro. Mwenyekiti hakuuliza maswali mengi. Alimwomba Mwalimu amwachie kile kiti, akamsukuma mke wa Mwalimu mwenyewe, kwanza kupitia kichochoroni, kisha kupitia barabara ya juu, na madiwani wakamfuata nyuma kwa mstari. Kwenye mteremko alilegeza mwendo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na viatu vyake vya kikao vilikwaruza lami. Mke wa Mwalimu alikuwa amefumba macho. Walipofika chini mwenyekiti alijifuta jasho na leso, akasaini pale pale, juu ya mkono wa kiti. Ombi limekataliwa.

Wifi alikata salamu.

Usifanye mchezo na wifi aliyekata salamu. Alipita mbele ya ofisi ya halmashauri akitazama ng'ambo, kana kwamba jengo lile limebomolewa. Katika mkutano wa ukoo alikaa akimpa mgongo. Binti alipopiga simu na kuuliza, "Mama, umemfanya nini shangazi?" Mama Ubao alisema hakuna kitu, akaweka simu chini na kulia jikoni, bomba limefunguliwa ili mumewe asisikie. Mumewe alisikia. Alikuja, akafunga bomba, akakaa naye. Hivyo hivyo wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili, na ya sita.

Wiki ya saba mlango wa chumba cha chini ya ngazi ukaingiza kivuli. Wifi aliingia na fomu mkononi, uso mkavu, akainua kichwa ili asionekane mtu wa kuomba, na ngazi zikampokea kwa kishindo.

"Pole," alisema Mama Ubao.

"Asante," alisema wifi, na hilo lilikuwa neno la kwanza baina yao, nalo lilitoka kwa sababu ya maumivu. Aliweka fomu mezani akaondoka akishika utosi. Lilikuwa ombi jipya: kuongeza chumba cha vyerehani upande wa uani, juu ya ardhi yake mwenyewe. Mama Ubao alilitundika katikati ya ubao, mahali pazuri kuliko pote.

Siku ya tatu alikuja Mwalimu na barua nyingine. Mama Ubao alisita kuipokea, lakini Mwalimu alimtuliza. "Hii si pingamizi. Naandika kwamba mimi na mke wangu hatuna pingamizi lolote." Mama Ubao alimwambia hakuna faili la barua kama hiyo. "Basi lifungue," alisema Mwalimu, na mkewe, kutoka kwenye kiti, aliinua mkono ule mgonjwa hadi usawa wa bega, ili Mama Ubao auone, na kuurudisha taratibu mapajani.

Siku ya tisa ilianza na jua. Saa tano upepo ulibadilika, na mvua ikaja kwa mkupuo, ya kuelekea ukutani. Mama Ubao alishatoka mbio na ufunguo kabla hajakumbuka kwamba sasa kuna kioo. Alisimama pale akilowa, akijicheka. Kisha akaona: maji yalikuwa yanapenya kwa juu, pale fundi alipoahidi kurudi, na mchirizi mmoja ulikuwa unateremka ndani ya kioo ukielekea karatasi ya katikati. Akaingiza ufunguo kwenye kufuli.

"Usifungue."

Wifi alikuwa anavuka barabara, kandambili mkononi, na amekumbatia karatasi kubwa la nailoni la kufunikia majora ya vitambaa dukani. Alikuwa ameloa chapachapa.

"Ukiliondoa haihesabiki," alisema akihema. "Shika huku."

Walilitandaza lile nailoni juu ya ubao, kila mmoja na pembe yake, mikono juu, migongo kwenye mvua. Watumishi walijazana dirishani. Afisa mipango alikuja mbio na mwavuli, akaona hauna pa kuingia, akarudi ndani. Mchirizi uliokuwa ndani ya kioo ulisimama vidole viwili juu ya karatasi. Hapo walibaki, kila mmoja upande wake, kwa sababu ukishika nailoni kwa mikono miwili huwezi hata kuondoka kwa hasira.

"Wifi," alisema Mama Ubao. "Siku ile dukani ulisema hukuhesabu."

"Sikuhesabu, na sasa hivi sitaki kugombana, mikono inaniuma."

"Mimi nilihesabu." Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na hakuwa na mkono wa kujifutia. "Nilikuwa nimelala kule hospitali, sina kazi nyingine. Niliomba kalamu kwa muuguzi. Kila asubuhi naandika moja: leo yuko kwa wifi. Siku mia moja na kumi na tisa. Hakuna hata moja ambayo haikuhesabika."

 Wifi aliutazama ubao, tangazo lake, kile kioo alichokinunua kwa hasira.  Kisha alisogea hatua moja, bega lake likagusa la mwenzake, na halikuondoka pale.

"Inua upande wako, wifi," alisema. "Maji yanaingia."